Mguu Usio na Mwenyewe

Mwalimu Elipidius Kamugisha amefundisha Kiswahili kwa miaka ishirini na mitatu katika shule ya sekondari ya kata huko Mabira, na katika miaka yote hiyo hakuna mada aliyoipenda kama lugha ya matangazo. Walimu wenzake waliiona kuwa mada ya kujazia kipindi. Unawaambia wanafunzi tangazo liwe fupi, livutie, litaje bidhaa inapopatikana, kisha unawapa zoezi na kwenda zako kunywa chai. Elipidius hakuwa hivyo. Alikuwa na jalada la kaki lililotuna hadi likafungwa kwa kamba ya katani, na ndani yake mlikuwa na matangazo aliyoyakata kwenye magazeti ya zamani au kuyabandua ukutani: ya sabuni, ya simu, ya saruji, ya mabati, ya mafuta ya kupaka. Akiingia darasani na jalada hilo kwapani, wanafunzi walijua leo hakuna kusinzia.

"Maneno yaacheni kwanza," aliwaambia. "Maneno ni mlango wa mbele, na mwizi hapitii mlango wa mbele. Niambieni, huyu mama anayefua anatazama wapi?"

"Anatazama shati, Mwalimu."

"Na mumewe?"

"Anamtazama mkewe."

"Na sabuni iko wapi?"

Wakainamisha vichwa kutafuta. Sabuni ilikuwa katikati, kati ya jicho la mume na shavu la mke.

"Basi hapo mmeambiwa nini, bila neno hata moja?"

Msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha kidole. "Kwamba mume akikutazama, ni kwa sababu ya sabuni."

Darasa likaangua kicheko, na Elipidius akacheka nao mpaka akavua miwani kuifuta. Siku kama hiyo alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Nyumbani hapakuwa mbali. Ukishuka njia ya miguu inayopita katikati ya mashamba ya watu, unafika kwenye kibanja chake: migomba, kahawa chini ya migomba, maharage pale palipobaki nafasi, na nyuma ya nyumba zizi la ng'ombe wawili. Kwenye karatasi kibanja kilikuwa cha Elipidius, lakini kwa jasho kilikuwa cha mkewe, Xaveria. Yeye ndiye aliyejua mgomba upi utazaa lini na upi umeanza kunyauka kabla jani halijaonyesha. Walikuwa wameoana miaka thelathini, wakajaliwa binti mmoja, Benitha, ambaye sasa alikuwa Bukoba akiuza vitenge.

Kisukari kilimpata Xaveria miaka tisa iliyopita. Alikipokea kama mgeni aliyekuja bila taarifa: hakumfurahia, lakini alimpa kiti. Alimeza vidonge asubuhi na jioni. Aliacha kunywa togwa ya ndizi, aliacha chai ya sukari, na kila mwezi alikwenda kituo cha afya kupimwa. Wahudumu wa pale walimtolea mfano kwa wagonjwa wengine.

Kisha, mvua za Machi zilipoanza, alikanyaga kisiki cha mgomba alipokuwa akipunguza majani. Hakusikia chochote. Jioni, alipokuwa akinawa miguu, ndipo alipoona damu kwenye kandambili. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo kama buni. Wiki mbili baadaye kilikuwa kimetanuka kama kizibo cha soda, na kingo zake zimekuwa nyeupe. Muuguzi wa kituo cha afya alikisafisha, akakifunga, akasema, "Mama, wiki ijayo kisipoonyesha dalili ya kupona, nitakuandikia uende hospitali kubwa."

Waliporudi, Xaveria hakusema neno njia nzima. Elipidius alidhani amechoka.

Siku tatu baada ya hapo, Mwalimu alipita kwenye kituo cha Mabira, pale zinapoegeshwa bodaboda, akaona kitu kipya kwenye ukuta wa duka la Allen. Allen alikuwa mama wa makamo aliyeuza dawa za asili pamoja na sabuni, viberiti na mafuta ya taa. Ukutani palibandikwa tangazo kubwa la karatasi inayong'aa, na gundi yake haijakauka. Elipidius alisimama mbele yake akalitazama kama mfugaji anavyomtazama fahali wa jirani. Hakuwa ameona tangazo lililotengenezwa kwa akili namna ile kwa muda mrefu.

"Shikamoo, Mwalimu," Allen alisema akitoka nje.

"Marahaba, Allen. Unalo lingine la namna hii? La darasani."

"Wameleta matano. Chukua."

Akalikunja, akaenda nalo nyumbani. Jambo hili Elipidius amelirudia kichwani mara nyingi kuliko sala zake: kwamba hakuna mtu mwingine aliyeliingiza tangazo lile ndani ya nyumba yake. Aliliingiza yeye, kwa mkono wake, tena kwa furaha.

Alilitandaza mezani, akaweka kikombe kila pembe lisijikunje, akamwita mkewe.

"Njoo uone, Mama Benitha. Njoo uone watu wanavyojua kudanganya."

Tangazo lilikuwa la dawa iliyoitwa Mizizi Saba. Upande wa kushoto palikuwa na mguu wenye kidonda, picha ya rangi ya kijivu, umekatwa juu ya kifundo. Katikati, mshale mwekundu. Upande wa kulia alisimama mwanamke wa makamo katikati ya migomba, kitenge cheupe kiunoni, kikapu cha kahawa mbivu mkononi, akitabasamu. Chini yao palikuwa na mwanamume aliyevaa koti jeupe, mikono imefumbatwa kifuani. Na maandishi manene: SUKARI IMEKWISHA. MAISHA YAMERUDI.

"Tazama mguu huu," Elipidius alianza, na sauti yake ikawa ile ya darasani. "Hauna mwenyewe. Hawakuonyesha uso. Unajua kwa nini? Ili kila mwenye kidonda auone ni wake. Sasa tazama upande wa pili. Huku uso upo, tena unakutazama wewe, machoni kabisa. Huku kijivu, huku kijani. Ugonjwa hauna rangi, uzima una rangi ya shamba lako. Wangelibandika hili mjini wangeweka gari. Huku wameweka migomba. Na huyu daktari, mbona hana jina? Daktari gani asiye na jina kifuani? Halafu njoo hapa chini." Akaegemea, miwani ikagusa karatasi. "Herufi ndogo kama siafu. 'Bidhaa hii si mbadala wa tiba ya hospitali.' Ukweli wote wameuweka pale pasipoonekana."

Alinyanyua kichwa akitegemea kuona mkewe akicheka. Xaveria hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya yule mwanamke wa upande wa kulia.

"Yuko peku," alisema.

"Nani?"

"Huyu mama. Yuko peku shambani, Baba Benitha. Mtu wa sukari haruhusiwi kutembea peku. Miaka tisa wananiambia nisitembee peku. Huyu anatembea."

Elipidius akatazama. Kweli. Miguu ya yule mama ilikuwa mitupu, imekanyaga majani makavu ya mgomba. Hakuwa ameiona.

"Umeona vizuri," alisema kwa moyo mweupe, kama angemsifu mwanafunzi. "Hiyo nayo ni ishara waliyoiweka makusudi."

Xaveria aliinuka. Alikwenda jikoni kutazama chungu.

Wiki haikuisha. Elipidius alikuwa akitafuta panga nyuma ya mlango wa stoo alipokuta chupa mbili za kijani, moja imebaki nusu. Juu ya rafu, vidonge vya hospitali vilikuwa vimekaa kama vilivyokuwa siku sita zilizopita. Akavihesabu mara mbili, kisha akatoka na chupa mkononi.

"Ndiyo," Xaveria alisema kabla hajaulizwa. Alikuwa ameketi kwenye mkeka akimenya ndizi. "Allen amesema dawa mbili hazikai kwenye mwili mmoja. Nimechagua."

"Lakini nilikueleza! Nilikusomea kila kitu!"

"Ulinisomea karatasi."

"Na wewe umesoma nini?"

Xaveria aliweka kisu chini. "Mama yangu alikuwa na kidonda mahali hapahapa. Walimpeleka hospitali kubwa. Walikata vidole, wakakata nyayo, wakakata hapa." Akagusa goti. "Tulimrudisha akiwa mfupi kama mtoto, tukamzika kabla mwezi haujaisha. Wewe ulikuwa chuoni wakati ule. Ulituma barua nzuri sana ya pole."

Elipidius alisimama na chupa yake. Alikuwa ameyajua hayo miaka thelathini, lakini yalikuwa yamelala mahali fulani kichwani pamoja na mambo mengine ya ukoo. Alijaribu kusema kwamba zamani si sasa, kwamba kidonda kikiwahiwa hakikatwi. Kila alilolisema lilikuwa kweli, na kila alilolisema lilianguka chini kama maganda ya ndizi.

Alikwenda kwa Allen amejiandaa kugomba. Alikuwa na maneno makali, ameyapanga njia nzima.

"Mwalimu, kaa," Allen alimwambia. Kisha akafungua kabati lake mwenyewe, nyuma ya pazia, akamwonyesha. Chupa za kijani zilipangwa pale, tisa au kumi, zimekwisha. "Mimi nina presha. Nakunywa hii tangu Januari. Unadhani ningempa Mama Benitha kitu nisichokunywa? Amenisimamia ubatizo wa mwanangu yule."

Maneno makali yalimwishia Elipidius mdomoni. Alikuja kupambana na mjanja, akamkuta mgonjwa. Alimsihi tu asimuuzie tena mkewe. Allen akaahidi, na akatimiza. Xaveria akawa anamtuma jirani.

Alipiga simu kwa Benitha. Benitha alilia, akaongea na mama yake, akalia tena. Mama yake akamwambia, "Usijali mwanangu, naendelea vizuri." Elipidius alikwenda kwa muuguzi wa kituo cha afya, muuguzi alipanda hadi nyumbani kwao kwa miguu, Xaveria akamkaribisha, akampa ndizi za kwenda nazo, na akakataa kufungua kitambaa cha mguu. Mumewe alikwenda hata kwenye ofisi moja ya serikali kulalamika juu ya tangazo. Bwana wa pale alilisoma, akaweka kidole kwenye zile herufi ndogo.

"Mbona wameandika, Mwalimu? Hapa hawajadanganya."

Mada ya matangazo ilikuwa imefika tena darasani, na Elipidius hakuwa na moyo wa kuandaa somo jingine. Alitundika tangazo la Mizizi Saba ubaoni. Hata kabla hajauliza swali, yule msichana wa dawati la nyuma akanyoosha kidole.

"Mwalimu, huyu mama namfahamu. Ni Mama Anatolia. Anauza maparachichi Murongo, pale karibu na wapiga mihuri wa mpakani."

"Una hakika?"

"Ni jirani wa shangazi yangu. Hajawahi kuumwa sukari huyo. Anabeba gunia kichwani."

Elipidius alihisi kama mtu aliyeonyeshwa mlango kwenye nyumba iliyojaa moshi. Miaka yote aliwafundisha watoto kwamba picha ni picha. Sasa angeleta mtu mwenyewe, mwenye nyama na mdomo, aseme. Nani angebishana na hilo?

Jumamosi alfajiri alipanda bodaboda hadi Murongo. Pale mpakani malori yalikuwa yamejipanga kungoja karatasi zao, wabadilisha fedha wakiita, vijana wakivusha matenga upande huu na ule. Alimpata Anatolia chini ya mwavuli uliofifia, mbele yake rundo la maparachichi. Alikuwa mnene kidogo kuliko kwenye picha, lakini tabasamu lilikuwa lile lile. Lilitokea pale aliposalimiwa, na likazimika mara Elipidius alipokunjua karatasi.

"Na wewe umekuja kunishika mguu?" aliuliza.

"Hapana, mama. Nimekuja kukuomba msaada."

Anatolia akamweleza. Miaka mitatu iliyopita walikuja watu na kamera. Walisema wanatengeneza kalenda ya wakulima wa kahawa. Walimvalisha kitenge, wakamwambia avue viatu kwa sababu vilikuwa vya plastiki na havikupendeza. Wakamsimamisha kwenye migomba ya shemeji yake, wakampiga picha asubuhi nzima, wakamwachia kitenge. Kalenda hakuiona. Mwaka huu watu wakaanza kuja.

"Wa kwanza alitoka Nyakatuntu, amebebwa kwenye baiskeli. Akanipigia magoti, mtu mzima kabisa, aniulize nilikunywa chupa ngapi. Nikamwambia sikunywa hata moja. Akalia, akasema namnyima." Aligeuza parachichi mkononi. "Mwalimu, nimewaambia watu ukweli mpaka nimechoka. Mwingine nilimwambia, akacheka, akasema, 'Naelewa, wamekukataza.'"

"Njoo umwambie mke wangu. Yeye atakusikia."

Anatolia alimtazama kwa muda, akaona jinsi alivyoikunja ile karatasi tena na tena.

"Kesho baada ya misa," alisema.

Alikuja kweli, amevaa viatu vyeusi na gauni la kanisani. Elipidius alikuwa hajamwambia mkewe chochote. Xaveria alitokea mlangoni akichechemea, akaona mgeni, akasimama. Uso wake ulifunguka taratibu kwa namna ambayo mumewe hakuwa ameiona tangu harusi ya Benitha.

"Ni wewe," alisema.

Wakaketi. Anatolia hakupoteza muda. Alisema kwa Kinyambo, lugha ya nyumbani kwao, ili pasiwe na neno la kukwama: kwamba hajawahi kuugua kisukari, wala kidonda, wala hajaonja ile dawa hata kwa ncha ya ulimi, kwamba alidanganywa kwa kalenda, kwamba mguu ule wa kijivu si wake na hajui ni wa nani. Alisema yote, tena akarudia. Akamsihi Xaveria aende hospitali.

Xaveria alimsikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha kwa heshima. Kisha akauliza, "Mama, unaweza kuvua viatu?"

Anatolia akamtazama Elipidius. Akavua.

Xaveria akashuka kwenye mkeka, akaupitisha mkono wake kwenye miguu ile, juu ya nyayo, katikati ya vidole, kwenye visigino vilivyopasuka kwa kazi. Ilikuwa miguu mizima. Ilikuwa na joto.

"Hata kovu hakuna," alinong'ona.

"Kwa sababu hapakuwa na kidonda!" Elipidius alipaza sauti. "Mama Benitha, sikiliza anachosema!"

"Nimesikia, Baba Benitha. Amesema walivyomwambia aseme. Simlaumu." Akainuka kwa shida, akaita jirani amkamatie kuku. "Mama, umetoka mbali. Hutaondoka mikono mitupu."

Anatolia alikataa yule kuku, Xaveria akamlazimisha, na mwishowe mgeni aliondoka naye chini ya kwapa, machozi yakimtiririka. Elipidius alimsindikiza hadi barabarani. Bodaboda ikatokea.

"Mwalimu," Anatolia alisema, "labda ningekuja nikichechemea angeniamini."

Baada ya hapo Elipidius alifanya jambo ambalo bado analionea haya. Alisaga vidonge vya hospitali kwa kitako cha glasi, akavikoroga kwenye uji wa mkewe wa asubuhi. Siku ya kwanza Xaveria alikunywa. Siku ya pili alikunywa. Siku ya tatu alisimamisha kijiko, akautazama uji, kisha akamtazama yeye.

"Uji huu una uchungu."

Elipidius alitazama bakuli. Alikuwa mwalimu, uongo haukumjia haraka.

Xaveria aliutoa uji nje akaumwaga kwenye shina la mgomba, polepole, mpaka bakuli likawa tupu. Tangu siku ile alijipikia mwenyewe, na chakula alichopika mumewe hakukigusa. Walikaa kwenye nyumba moja kama wasafiri wawili wanaongoja gari tofauti. Mguu ukaanza kunuka. Xaveria alichoma majani ya mkaratusi ndani ili harufu isitoke, na walipokuja wanajumuiya kusali aliketi mbali nao, kando ya dirisha. Elipidius alimwomba, alimtisha, alipiga magoti. Alifikiria kuwaita vijana wambebe kwa nguvu, akaona macho yake yatakavyokuwa, akashindwa. Darasani alifundisha ngeli za nomino, kwa kuwa ngeli hazikuhitaji mtu kuaminiwa.

Mwezi Mei, Jumanne moja saa nne asubuhi, aliitwa kutoka darasani. Jirani alikuwa amemkuta Xaveria kwenye kahawa, amelala ubavu, anapumua kwa kina na kwa kasi, haitiki jina lake. Wakambeba kwenye gari la mfanyabiashara wa maharage hadi hospitali kubwa.

Daktari aliyempokea alikuwa kijana, na jina lake lilikuwa kifuani, Winston. Alifunua kitambaa, akakifunika tena. Alimchukua Elipidius hadi barazani.

"Mzee, sumu imeshaingia kwenye damu. Tukikata chini ya goti leo, ana nafasi. Tukingoja kesho, sina la kukuahidi. Yeye hawezi kujibu. Utasaini wewe."

Akampa karatasi. Elipidius aliisoma yote, herufi kubwa na ndogo, kwa kuwa ndivyo alivyozoea, lakini alipofika mwisho hakukumbuka mwanzo wake. Alijua tu kwamba mkewe alikubali kufa kuliko jambo lililoandikwa pale, na kwamba yeye ndiye atakayeliruhusu. Akasaini. Kalamu ilikuwa ya kuazima, wino ukakatika katikati ya jina, ikabidi aandike upya.

Xaveria aliishi. Aliporudiwa na fahamu, siku ya tatu, alipeleka mkono chini ya shuka, akaurudisha.

"Nani aliwaruhusu?"

"Mimi."

Akageukia ukutani. Siku mbili hakumsemesha, na Elipidius aliketi pale kwenye benchi, akimbadilishia maji ya kunywa ambayo hakuyanywa. Siku ya tatu, bila kugeuka, Xaveria alisema, "Ng'ombe wanapewa majani na nani?" Alimjibu kwamba jirani anawapa. "Yule huwapa majani mabichi mno," Xaveria akasema. "Watavimba." Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza tangu ageukie ukutani.

Siku moja, wakiwa bado wodini, Elipidius alimuuliza kwa upole kama sasa anaamini Anatolia alisema kweli. Xaveria alifikiri sana.

"Nilijua anasema kweli," alisema. "Niliposhika miguu yake nilijua. Lakini ningerudi wapi? Nilikuwa nimeshaacha vidonge, mguu umeshaoza, na kule mbele kuna msumeno. Dawa ile ilikuwa njia pekee isiyokuwa na msumeno." Akafunga macho. "Na wewe ulikuwa unanieleza tu. Kila siku unanieleza."

Elipidius akamvutia shuka mabegani.

Sasa Xaveria anatembea kwa magongo. Vidonge anameza. Kibanja analima Elipidius, vibaya, akielekezwa na mkewe kutoka kwenye kiti mlangoni, na migomba mingine imekonda. Duka la Allen bado lipo. Allen mwenyewe alipata kiharusi mwezi Agosti, mdomo umepinda kidogo, na dada yake ndiye anayeuza.

Mwezi uliopita, mchana, alifika mama mmoja kutoka upande wa Nyakatuntu. Alikuwa na kitambaa mguuni. Elipidius, aliyekuwa jikoni akimenya ndizi, mikono imejaa utomvu, alimsikia akisalimu, kisha akamsikia akieleza kwamba ameambiwa Mama Benitha aliwahi kuitumia Mizizi Saba, naye angependa kujua inanywewa vipi.

"Usiinywe," Xaveria alisema. "Nitazame mimi." Elipidius akasikia sketi ikifunuliwa, akajua anamwonyesha pale mguu ulipoishia. "Nilikunywa chupa kumi na moja. Nenda hospitali leo, mwenzangu. Kidonda chako bado kidogo. Hawatakukata."

Mwalimu alisimamisha kisu.

"Pole sana, dada," yule mama akasema, kwa huruma ya kweli. "Labda wewe ulichelewa kuianza."

"Baba Benitha!" Xaveria aliita. "Baba Benitha, njoo!"

Alitoka na mikono yake iliyonata. Alimkuta mkewe ameshika gongo kama mtu anayetaka kusimama, machozi yamemjaa, akimtazama yeye amsaidie. Elipidius alifungua mdomo. Alitafuta neno ambalo hakuwa ameshalitumia kwenye nyumba hii, na hakulipata. Akamuuliza mgeni kama ana usafiri. Akamwambia kwamba kesho yeye mwenyewe anaweza kumpeleka kituo cha afya, na atamngoja mpaka amalize. Mgeni akashukuru, akasema atalifikiria, akaaga kwa adabu zote.

Elipidius alimsindikiza hadi njia panda. Kulia ni njia ya kituo cha afya, kushoto ni njia ya madukani. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka. Yule mama alijifunika khanga kichwani, akampa mkono, na akashika njia ya kushoto, akikanyaga kwa kisigino ili asiumize vidole. Mwalimu alisimama pale akalowa.

Aliporudi, Xaveria alikuwa bado mlangoni. Hakumuuliza mgeni amepita wapi. Alimwambia aanue buni zilizokuwa zimeanikwa uani, na wote wawili wakaanza kuzikusanya, yeye ameinama na mkewe ameketi chini, haraka haraka, kabla hazijalowa zote.